Ushirika Unapofungwa, Haki ya Mfanyakazi Iko Wapi?



Katika miji na vijiji vya mashariki mwa nchi yetu, ni nyumba chache ambazo hazijui habari ya ushirika wa akiba na mkopo, ule tunaouita COOPEC. Wazazi wetu wameweka humo fedha ya mavuno, fedha ya samaki, fedha ya karo za watoto. Ushirika mmoja unapofungwa, habari hutembea upesi kuliko gari. Asubuhi watu wanakuta kufuli mlangoni, karatasi yenye muhuri imebandikwa ukutani, na umati umejaa barabarani. Kila mmoja anauliza swali lile lile: akiba yangu iko wapi?

Katika umati huo yupo mtu ambaye hakuna anayemwuliza hali yake. Ni mtunza sanduku, au karani wa hesabu, au mlinzi wa usiku. Jana alikuwa nyuma ya dirisha, akihesabu noti na kuandika katika vitabu vya wanachama. Leo hana kazi. Mshahara wa mwezi uliopita hajaupata. Tena watu wanamtazama kama mwizi, hata kama hakutia sahihi kwenye mkopo hata mmoja kati ya ile iliyopotea.

Je, mtu huyu naye ana dai? Na kama analo, ni haki alipwe kabla ya mjane aliyeweka kidogo alichokuwa nacho? Swali hili si jepesi, kwa sababu pande zote mbili ni za watu maskini. Lakini si swali jipya. Watu wa nchi nyingi wamelipigania kwa muda wa karne mbili, na majibu waliyoyapata yamefika hadi katika sheria za Kongo. Tuifuate historia hiyo hatua kwa hatua.

Ushirika wa kwanza haukuwa na wafanyakazi

Tuanze Ujerumani, katika vilima vya Westerwald. Mwaka 1846 na 1847 kulikuwa na njaa. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya wa vijiji vya Weyerbusch, aliwakusanya wenye uwezo kidogo wakachanga fedha ili maskini wapate mkate kwa mkopo. Baadaye, huko Heddesdorf, aliona kwamba sadaka za matajiri hazidumu, na kwamba wakulima wenyewe wanapaswa kuungana na kudhaminiana. Mwaka 1864 chama cha mikopo kilizaliwa hapo, na mfano wake ukaenea duniani.

Kanuni za vyama vya Raiffeisen zilikuwa za namna ya pekee. Chama kilibaki ndani ya kijiji au parokia moja, ili watu wawe wanajuana. Kila mwanachama aliwajibika kwa mali yake yote. Wakuu wa chama walifanya kazi bila malipo. Mtu mmoja tu ndiye aliyepewa chochote: mwenye kuandika hesabu, ambaye mara nyingi alikuwa mtu mwenye kazi nyingine, kama mwalimu wa kijiji.

Ubelgiji iliupokea mfano huo kupitia padri mmoja, Jacob Ferdinand Mellaerts. Mwaka 1890 yeye pamoja na wenzake walianzisha Boerenbond, chama kikubwa cha wakulima wakatoliki, na mwaka 1892 sanduku la kwanza la akiba na mkopo la mtindo wa Raiffeisen nchini humo likafunguliwa katika kijiji cha Rillaar. Ulikuwa mwaka mmoja tu baada ya Papa Leo wa Kumi na Tatu kutoa waraka wa Rerum Novarum, tarehe 15 Mei 1891.

Tuangalie jambo moja katika mwanzo huo. Ushirika ulizaliwa kama familia. Hapakuwa na mwajiri wala mwajiriwa wa kweli, basi waanzilishi hawakuwa na sababu ya kujiuliza mfanyakazi atapata nini siku ya kufungwa. Lakini ushirika uliofaulu ulikua. Ukajenga ofisi, ukaajiri makarani, watunza sanduku, walinzi, madereva. Maneno ya familia yakabaki yale yale: sisi ni ndugu, hiki ni chetu sote. Hata leo tunajua vijana walioajiriwa katika ushirika bila mkataba wa maandishi, kwa sababu ilionekana ni aibu kudaiana karatasi kati ya ndugu. Siku za amani aibu hiyo haina gharama. Siku ya kufungwa ndipo gharama yake inapoonekana.

Mwaka 1934 ulionyesha hatari hiyo wazi. Mdororo mkubwa wa uchumi ulipoipiga Ubelgiji, benki ya wasoshalisti wa Gent, Benki ya Kazi ya Ubelgiji, ilifunga milango mwezi Machi. Mwaka huo huo sanduku kuu la mikopo la Boerenbond nalo likatikisika vibaya. Vyama hivi viwili vilikuwa na bendera tofauti kabisa, kimoja cha wafanyakazi wasoshalisti na kingine cha wakulima wakatoliki, lakini kosa lilifanana: akiba za watu wadogo zilikuwa zimewekwa katika viwanda ambavyo mdororo uliviangusha. Serikali ililazimika kuunda ofisi ya pekee ya kuwasaidia wawekaji wadogo wa akiba. Wafanyakazi wa kampuni zilizofungwa, wao, walisubiri hadi miaka ya 1960 kabla ya Ubelgiji kuwaundia mfuko wao. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda mara nyingi: sauti ya wawekaji ni ya maelfu, sauti ya wafanyakazi ni ya watu kumi au ishirini.

Jinsi mshahara ulivyopata nafasi ya mbele

Sasa tuulize: mtu anapofilisika, mali yake ikiwa haitoshi, nani hulipwa kwanza? Kanuni ya jumla ni kwamba wadai wote hugawana kilichobaki kadiri ya madai yao, isipokuwa wale ambao sheria imewapa nafasi ya mbele. Nafasi hiyo ya mbele huitwa haki ya upendeleo.

Katika Ufaransa, Kitabu cha Sheria za Raia cha mwaka 1804 kiliwapa upendeleo watumishi wa nyumbani kwa mishahara yao. Wafanyakazi wa viwanda na maduka hawakutajwa. Mwaka 1838 sheria mpya ya wafilisika iliwaongeza: mfanyakazi wa mikono kwa mshahara wa mwezi 1 wa mwisho, na karani kwa miezi 6. Mwaka 1889 mwezi ule mmoja ukawa miezi 3. Mwaka 1935 hatua kubwa ikachukuliwa: sehemu ya mwisho ya mshahara ikawekwa mbele hata ya wadai wenye rehani. Upendeleo huo uliopita upendeleo mwingine wote ndio wanasheria wanaouita upendeleo mkuu.

Hata hivyo, kuwa wa kwanza mbele ya sanduku tupu ni kuwa wa kwanza wa kukosa. Jambo hilo lilionekana mwaka 1973 katika mji wa Besançon, ambako kiwanda cha saa cha Lip kilikuwa hatarini kufungwa na wafanyakazi wake wakakikalia, wakatengeneza na kuuza saa wenyewe. Nchi nzima ilifuata mgogoro huo. Tarehe 27 Desemba ya mwaka huo, Ufaransa ilitunga sheria inayowataka waajiri wote kuchangia bima ya kulipa mishahara pale ambapo kampuni imeshindwa.

Nje ya mipaka ya nchi moja, Shirika la Kazi la Kimataifa liliweka kanuni hiyo katika Mkataba namba 95 wa mwaka 1949: kampuni ikifilisika au kufungwa kwa amri ya mahakama, wafanyakazi wahesabiwe kuwa wadai wenye upendeleo.

Kwa nini dunia ilikubaliana juu ya jambo hili? Sababu ni rahisi kueleweka na kila mtu aliyewahi kungojea mwisho wa mwezi. Mfanyakazi hufanya kazi kwanza, na hulipwa baadaye. Kwa hiyo kila siku ya mwezi anamkopesha mwajiri wake jasho lake, bila riba na bila kushika rehani. Benki ikikopesha hudai hati ya shamba. Mwenye duka akikopesha hupima kwanza uaminifu wa mteja. Mfanyakazi hana nafasi ya kupima. Na mkopo wake ni chakula cha nyumba yake cha mwezi ule.

Kanisa nalo lilisema neno hilo mapema. Mtume Yakobo, katika barua yake, anawaonya matajiri kwamba mshahara uliozuiliwa wa wavunaji unapaza sauti hadi masikioni mwa Bwana. Leo wa Kumi na Tatu alilirudia onyo hilo katika waraka wake wa 1891, akihesabu kumnyima mfanyakazi mshahara wake kuwa dhambi kubwa. Wala hakuna aliyeandika kwamba onyo hilo halihusu mwajiri anayeitwa ushirika, au ofisi iliyojengwa karibu na kanisa.

Mwajiri akifa, mkataba nao unakufa?

Mshahara wa kazi iliyokwisha kufanywa ni dai moja. Kuachishwa kazi ni dai jingine. Wengine husema: ushirika umekufa, hakuna aliyemfukuza mtu, basi hakuna wa kudaiwa. Mahakama zimelijibu neno hilo zaidi ya mara moja.

Mwaka 1866, katika Uingereza, kampuni nyingi zilikuwa zikianguka. Katika kesi moja ya mwaka huo mahakama iliamua kwamba amri ya kufunga kampuni ni sawa na taarifa ya kuachishwa kazi kwa watumishi wake wote. Uamuzi huo unaonekana mkali, lakini una pande mbili. Kwa upande mmoja, kazi inakwisha siku ile. Kwa upande mwingine, inakubaliwa kwamba mtu ameachishwa, na mwenye mkataba uliovunjwa kabla ya muda wake anaweza kudai fidia kati ya wadai wengine. Majirani zetu wa Uganda, Kenya na Tanzania walirithi msingi wa sheria hiyo ya Kiingereza.

Karibu karne moja na nusu baadaye swali lile lile lilirudi Luxembourg. Mwezi Desemba 2008 mahakama iliamuru kufungwa kwa benki moja yenye asili ya Iceland, Landsbanki Luxembourg. Haikuwa ushirika, lakini mambo yaliyowapata wafanyakazi wake yanafanana na ya watu wetu: waliambiwa kwamba mikataba yao imekwisha mara moja. Baadhi yao walikwenda mahakamani. Tarehe 3 Machi 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba wajibu wa kushauriana na wawakilishi wa wafanyakazi na kuiarifu serikali kabla ya kuachisha watu wengi haufutwi na amri ya kufunga. Maadamu kampuni bado ipo kisheria, wakuu wake, au mfilisi aliyechukua nafasi yao, wanabaki na wajibu huo.

Mfilisi ni nani? Ni mtu aliyepewa kazi ya kukusanya mali yote ya ushirika uliofungwa, kudai madeni yake, kuuza vinavyouzika, na kuwalipa wadai kwa utaratibu wa sheria. Yeye hasimami kwa niaba ya wanachama tu. Anasimama mahali pa mwajiri, na anayesimama mahali pa mwajiri hubeba na madeni ya mwajiri.

Njia ya Kongo

Sasa turudi nyumbani. Wakati wa ukoloni, mfanyakazi Mkongo na mfanyakazi Mzungu hawakuwa chini ya sheria moja. Amri ya mwaka 1922 juu ya mikataba ya kazi ya Waafrika iliweza hata kumpeleka mfanyakazi gerezani kwa kosa la kuvunja mkataba. Mtu anayefungwa kwa kuacha kazi hawezi kusimama kwa nguvu na kudai fidia ya kuachishwa. Kuhusu ushirika, amri ya tarehe 24 Machi 1956 ndiyo iliyopanga vyama vya ushirika vya wenyeji, na iliendelea kutumika muda mrefu baada ya uhuru.

Kitabu cha Kazi cha tarehe 9 Agosti 1967 kiliweka sheria moja kwa wafanyakazi wote, bila kutazama rangi. Miaka michache baadaye, tangu mwanzo wa miaka ya 1970, vyama vya akiba na mkopo vilianza kuenea, hasa katika Kivu, vingi vikiwa karibu na parokia na misheni. Mwaka 1987 nchi yetu, ikiitwa Zaire, iliridhia Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, unaosema kwamba mtu asiachishwe kazi bila sababu ya haki.

Basi sheria zilikuwapo. Kilichokosekana ni fedha yenye thamani. Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa ghafla, na akiba za wengi zikafutika nazo. Septemba 1991 na tena Januari 1993 askari na raia walipora miji. Oktoba 1993 serikali ilileta zaire mpya: zaire za zamani milioni 3 zikawa zaire mpya 1. Mwaka 1998 ikaja franga ya Kongo, na franga 1 ikachukua mahali pa zaire mpya 100,000.

Tufanye hesabu ndogo ili tuelewe maana yake kwa mfanyakazi. Mtu aliyedai zaire za zamani milioni 30 kabla ya Oktoba 1993, na kesi yake ikachelewa, alirudi na dai la zaire mpya 10. Ikichelewa tena hadi 1998, dai hilo lilikuwa sehemu moja ya elfu kumi ya franga moja. Hakuna hakimu aliyemnyima haki yake, na hakuna mfilisi aliyeikataa. Kuchelewa peke yake kulimaliza kila kitu. Wawekaji wa akiba walipoteza kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo miaka ile mtunza sanduku na mjane walizama katika mtumbwi mmoja.

Mwaka 2002 msingi mpya ulijengwa. Tarehe 2 Februari ilitolewa sheria namba 002/2002 juu ya vyama vya ushirika wa akiba na mkopo, ikiviweka chini ya uangalizi wa Benki Kuu ya Kongo. Benki hiyo ndiyo inayotoa kibali, na kibali kikiondolewa ushirika unaingia katika kufungwa. Tarehe 16 Oktoba ya mwaka huo huo zikatoka sheria mbili nyingine: Kitabu kipya cha Kazi, na sheria ya kuanzisha mahakama za kazi. Mwaka 2012 nchi yetu ikaingia katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara. Sheria ya OHADA juu ya kampuni zilizoshindwa kulipa madeni, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2015, inabeba ule upendeleo mkuu wa mishahara uliozaliwa Ufaransa, na inataka mishahara hiyo ilipwe ndani ya siku 10 tangu uamuzi wa mahakama, ikiwa fedha ipo. Hivyo mto ulioanza mbali umefika kwetu.

Kofia tatu za mtu mmoja

Tuchukue mfano wa mtunza sanduku ambaye amefanya kazi katika ushirika miaka 12 kwa mkataba usio na mwisho. Ushirika umefungwa. Anadai nini?

Kwanza tutenganishe kofia zake, kwa maana mara nyingi mfanyakazi wa ushirika huvaa tatu. Yeye ni mfanyakazi, tena ameweka akiba, tena ni mwanachama mwenye hisa. Kwa kofia ya kwanza yumo kati ya wadai wa mbele: Kitabu chetu cha Kazi kinasema kwamba katika kufilisika au kufungwa kwa amri ya mahakama, mfanyakazi hutangulia wadai wengine, hata hazina ya serikali, kwa mshahara wa kazi aliyokwisha kuifanya. Kwa kofia ya pili amesimama pamoja na wawekaji wote, akiwemo yule mjane. Kwa kofia ya tatu yuko mwisho kabisa, kwa sababu hisa ni sehemu ya umiliki, na mwenye nyumba hula baada ya wageni wote kushiba. Anayechanganya kofia hizi katika barua moja ya malalamiko hujiharibia mwenyewe.

Halafu kuna taarifa ya kuachishwa, ile tunayoiita preavi. Sheria ya 2002 inampa mfanyakazi siku za kazi 14 kwa uchache, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka kamili wa utumishi mfululizo. Kwa mtu wa miaka 12 hesabu ni 14 na 84, yaani siku za kazi 98. Asipopewa siku hizo afanye kazi, anadai malipo yake. Aongeze likizo ambayo hakuichukua na mengine yanayoingia katika hesabu ya mwisho.

Je, anaweza pia kudai fidia kwa kufukuzwa bila sababu? Hapa inafaa kuwa wakweli. Sheria inakubali kwamba mahitaji ya uendeshaji wa kampuni ni sababu halali ya kuachisha kazi, na ushirika uliokufa kweli hauhitaji tena mtunza sanduku. Fidia ile ambayo inaweza kufika mishahara ya miezi 36 ni kwa ajili ya kuachishwa bila sababu halali. Inaweza kumhusu mtu aliyefukuzwa kwa tuhuma ya wizi isiyothibitishwa, ili ushirika uonekane umempata mwenye kosa. Tena kuna hali ya ushirika unaofungwa mbele na kuendelea nyuma: kazi ile ile, ofisi ile ile, jina jipya. Sheria inasema kwamba mwajiri akibadilishwa na mwingine, kwa kurithi, kuuza au kuunganisha, mikataba iliyokuwa hai siku hiyo inaendelea.

Dai lolote kati ya haya halifiki mbele ya mahakama ya kazi kabla ya kupita kwa inspekta wa kazi ili kujaribu kupatanishwa. Na kila dai lina muda wake, na muda wa kudai mshahara ni mfupi kuliko wa madai mengine. Anayekaa nyumbani akingojea aitwe, kwa kuwa aliambiwa sisi ni familia, anaweza kuja kuitwa baada ya muda kupita. Mkataba, vipande vya mishahara, barua ya kuajiriwa, kitabu cha mahudhurio: karatasi hizi ndizo ulimi wake mbele ya mfilisi. Ni vema zitunzwe tangu mwezi wa kwanza wa kazi.

Mjane na mtunza sanduku

Tumebakiza swali gumu tulilolianza. Ni haki mfanyakazi alipwe kabla ya mjane?

Wengine watasema hapana, kwa sababu mjane hakufanya kosa lolote. Ni kweli hakufanya. Lakini mlinzi wa usiku naye hakufanya. Tena tutazame ukubwa wa madai. Mishahara ya watu kumi, hata ikijumlishwa na preavi zao, kwa kawaida ni kidogo mbele ya akiba za maelfu. Kumnyima mlinzi kungemwongezea kila mwekaji senti chache, na kungeiacha nyumba moja bila chakula. Sheria ilipoweka mshahara mbele haikumdharau mjane. Ilipima maumivu ya pande mbili.

Lakini historia inatufundisha jambo jingine ambalo umati wa barabarani hausemi. Mali ya ushirika wa akiba na mkopo iko wapi? Majengo na meza ni kidogo. Mali yake kubwa ni mikopo iliyo mikononi mwa wanachama. Ushirika ukifungwa, mkopo haufi; mfilisi ndiye anayeudai. Hata hivyo ni mazoea kusikia mtu akisema: wamefunga, basi nami silipi tena. Wengine hucheka na kumsifu kwamba ni mjanja. Mtu huyo ameshika mshahara wa mtunza sanduku katika mkono mmoja, na akiba ya mjane katika mkono mwingine. Sheria nzuri za Paris, za Geneva na za Kinshasa haziwezi kuwalipa watu hao wawili kwa fedha ambayo yeye anakataa kuirudisha. Kule Heddesdorf kila mwanachama aliweka mali yake yote nyuma ya deni la chama. Sisi tumerithi jina la ushirika. Sehemu hiyo ya urithi tumeiacha njiani.

Kwa hiyo, vijana, siku mtakaposikia kwamba ushirika umefungwa katika mtaa wenu, mwulizeni mwekaji kama ameandikisha dai lake. Mwulizeni mfanyakazi kama amekwenda kwa inspekta wa kazi, na kama anazo karatasi zake. Halafu mwulizeni aliyekopa kama ameendelea kulipa. Swali hili la tatu ndilo litakalowauma watu, na pengine litawauma hata wa nyumbani kwetu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika parokia yetu, je, wale tunaowaajiri, kama mlinzi, mpishi, karani, wana mkataba wa maandishi? Kama hawana, tunatoa sababu gani?

2. Mtu aliyefanya kazi miaka 5 ana haki ya siku ngapi za preavi? Fanyeni hesabu pamoja.

3. Je, kuna kati yetu au katika familia zetu mkopo ambao tuliacha kuulipa kwa sababu ushirika ulifungwa? Nani anabeba hasara hiyo leo?